Saa ya Ng'ambo ya Mto

7 Septemba, Jumapili

Atakayekisoma kitabu hiki ajue kwanza anamsoma nani. Mimi ni Onésime Gagnon, na bila mimi bonde hili lisingekuwa na viazi vya kuuza, labda vya nguruwe. Mwaka ule baridi ilipowahi nilivuna ekari arobaini peke yangu kwa siku mbili, na trekta lilikuwa limebakiwa na gia moja tu, ya kurudi nyuma. Nilivuna kinyumenyume mpaka ukingo wa mto. Walioniona karibu wote wameshakufa, kwa hiyo hakuna wa kubisha.

Siku hizi siendi shambani, nimewaachia vijana wajifunze. Nakaa kwa dada yangu Aurore, mjane, na kazi niliyo nayo ni kubwa kuliko viazi. Namlinda binti yake, Noëlla. Ana miaka ishirini na miwili. Hasemi neno, lakini kicheko chake kinatosha watu watano. Asubuhi anakwenda kituo cha mchana mjini, alasiri basi linamrudisha, nakaa naye mpaka mama yake atoke kazini, anakofungasha viazi.

Shida ni kwamba anajipiga. Ngumi ya kulia, ubavuni mwa kichwa, kati ya sikio na jicho, tena na tena, mpaka pavimbe. Ilianza msimu wa mavuno mwaka juzi, wiki tatu baada ya baba yake, Fernand, kuanguka shambani na kufa. Ikaendelea muda wote wa theluji. Mwezi wa Mei ikaisha. Nilimtibu mimi, kwa nyimbo na kwa kumpeleka kuvua samaki. Mwaka jana mavuno yakaja, ikarudi. Mei ikaisha tena. Sasa wameanza kuchimba viazi juzi, na yeye kaanza jana.

Daktari amesema jicho la kulia halitavumilia mwaka mwingine. Ofisi ya ustawi wa jamii imesema wataalamu watafute chanzo, na tarehe 16 Oktoba kuna kikao. Chanzo kikijulikana na ngumi zikipungua, Noëlla anabaki nyumbani. La sivyo anapelekwa kwenye nyumba ya uangalizi huko kusini, mwendo wa saa sita kwa gari, ambako mtu analipwa kumshika mkono usiku na mchana.

Mimi chanzo nakijua. Huzuni ya baba. Lakini mimi si mtaalamu wa karatasi.

8 Septemba

Chapati za ploye asubuhi, na mchuzi wa kuku uliobaki. Alijipiga. Dakika kumi.

10 Septemba

Mtaalamu amekuja. Anaitwa Ardith Pell, mwanamke mrefu wa pwani ya kusini, viatu vyake havijawahi kuona matope. Akakaa mezani na fomu.

"Bwana Onésime, nitasoma jambo, wewe useme: kamwe, mara chache, mara nyingi, au kila mara."

"Soma, bibie. Huyu mtoto namjua nje ndani. Nilijua atazaliwa msichana kabla mama yake hajajua kama ana mimba."

"Hujipiga anapoachwa peke yake?"

"Mara chache. Mimi simwachi."

"Anapoambiwa afanye kazi asiyoipenda?"

"Kamwe. Kwangu mtu hakwepi kazi."

"Anapokuwa na watu wasiomjali?"

"Kila mara," nikasema. Nilikuwa namwaza Aurore anavyorudi kachoka, anavua viatu bila kusema na mtu. Nilitaka hilo liandikwe mahali.

Akajumlisha alama. Jibu langu likatoka: anajipiga ili aangaliwe. Jioni akamsomea Aurore maswali yale yale, fomu ile ile. Jibu la Aurore likatoka: anajipiga ili akwepe kazi, kwa sababu Aurore humwona akijipiga anapoogeshwa na kuvalishwa asubuhi, siku ambazo pamevimba tangu jana.

"Sasa nani kakosea?" nikamwuliza mtaalamu.

"Labda wote, labda hakuna," akasema. "Kuuliza ni haraka, Bwana Onésime. Lakini mtu akiulizwa hukumbuka anachokiamini."

"Mimi nakumbuka kilichotokea."

"Ndivyo kila mtu anavyoniambia."

Hakusema kwa ubaya. Lakini niliona anamtazama Aurore zaidi.

12 Septemba

Leo kaniletea karatasi za safu tatu: KABLA, TENDO, BAADA. Pembeni, saa. Kila Noëlla anapojipiga niandike. Kanipa na daftari tupu la ziada nisije nikaishiwa, na ndilo hili, nimenakilia humo mambo yangu tangu Jumapili.

"Andika ulichokiona kwa macho," akasema. "Si unachokifikiri. Usiandike 'ana huzuni.' Andika 'alikuwa amekaa dirishani.'"

"Nimeelewa."

"Na saa ni muhimu sana. Saa yako inakwenda vizuri?"

Nikamnyooshea mkono. "Saa hii haijachelewa hata dakika moja tangu niinunue."

Hapo sikudanganya. Haichelewi. Iko mbele. Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, na huko saa imetangulia yetu kwa saa moja nzima. Watu wa hapa wakipeana miadi, iwe harusi au mazishi, lazima mmoja aulize: saa ya huku au ya ng'ambo? Mimi huvaa ya ng'ambo, maana kiwanda cha karatasi cha kule kinanijua, na siku wakikwama wataniita, nami sitaki kuchelewa. Bonde zima linajua saa ya Onésime ni ya ng'ambo. Sikuona haja ya kumweleza mtu msomi.

13 Septemba

Alijipiga saa kumi na moja na dakika mbili. KABLA: anamngoja mama yake. BAADA: nilimshika mkono, nikamwimbia.

14 Septemba, Jumapili

Kwa mama yetu, kijiji cha pili, mpaka usiku uingie, kama kila Jumapili. Noëlla hakujipiga. Siku nzima alikuwa na mama yake.

15 Septemba

Saa kumi na moja na dakika moja. Anamngoja mama yake.

16 Septemba

Saa kumi na moja na dakika mbili. Vilevile.

18 Septemba

Laurier Dubé, jirani, alisimama uani na trela lake limejaa viazi vyekundu. Ghala lake jipya limegusana na uzio wetu, zamani nilikuwa nikimfanyia kazi. Nilikuwa mtu wa feni: viazi vikiingia ghalani lazima vipulizwe, la sivyo vinaoza, na mimi ndiye niliyejua kwa kunusa tu lini ziwashwe. Nilijiuzulu mwaka juzi.

"Mzee wa ng'ambo," akaita. "Kiwanda bado hakijapiga simu?"

"Wanajipanga."

"Miaka tisa wanajipanga? Hicho si kiwanda, hao ni maharusi."

Aliokuwa nao wakacheka. Nikamwuliza feni zake zinaendeleaje bila mimi, kwa kumchokoza.

"Zinajiwasha zenyewe, saa kumi kamili, hazisubiri mtu amalize hadithi." Halafu akashuka, akapunguza sauti. "Mtoto vipi?"

"Atapona. Nafanya utafiti."

"Wewe?"

"Mimi na mtaalamu. Mimi ndiye nashika saa."

Akatikisa kichwa, akanipa gunia la viazi, akaenda zake.

19 Septemba

Saa kumi na moja na dakika mbili.

20 Septemba

Saa kumi na moja na dakika mbili. Pamechubuka, damu kidogo. Aurore aliporudi aliniuliza kwa nini sikumshika.

"Nilimshika. Nimewahi kumshika fahali kwa pembe moja, lakini huyu anapoteleza huwezi."

"Kaka, leo usinipe fahali."

Akapiga magoti mbele ya mtoto, koti bado mwilini, akamwekea kitambaa cha maji baridi. Walikaa hivyo mpaka mishumaa ya kuulia mbu ikaisha.

24 Septemba

Mvua. Hakuna anayechimba. Kwa Laurier kimya, wamezima umeme wa ghala lote, fundi anatengeneza mashine ya kupandishia viazi.

Ardith Pell kaja kutazama mwenyewe. Alishasoma karatasi zangu, akafika kwa mahesabu yake kabla ya wakati, akakaa pembeni ya friji na kalamu, bila kusema, kama mtu wa kuchora picha. Noëlla alikuwa anapanga vifuniko vya chupa. Hakujipiga. Muda ukapita, hakujipiga. Nikaona aibu, kama mtu aliyeleta wageni kumtazama farasi wa kucheza na farasi kalala.

Aurore akaingia, kalowa. Akamshika Noëlla ubavuni mwa kichwa, pale pale penye jeraha, kumsalimu. Noëlla akajipiga mara moja.

Mtaalamu akaangalia saa ya ukutani, akaandika.

Walipotoka uani nilisimama mlangoni nikasikia. "Karatasi za kaka yako zote zinasema saa kumi na moja," akamwambia Aurore. "Wewe unarudi saa kumi na moja. Jumapili mnashinda pamoja, hajipigi. Na leo nimeona kwa macho yangu."

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Sijasema hivyo. Kutazama kunanionyesha mambo yanayofuatana. Hakunionyeshi lipi limelizaa lipi. Ndiyo maana nataka tumpeleke kwenye chumba."

29 Septemba

Chumba kiko kituoni, mjini. Meza, viti viwili, kioo ambacho sisi tunaona ndani na wao hawatuoni. Wanamweka humo dakika kumi kumi. Mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili na mtu anayemwagiza kazi, akijipiga kazi inaondolewa. Mara ya tatu na mtu anayesoma gazeti, hamjali, akijipiga anamgeukia na kumbembeleza. Mara ya nne wanacheza tu. Halafu wanarudia. Wanataka waone ni wapi ngumi zinaongezeka. Ni kama kumjaribu samaki kwa vyambo vinne, nikamwambia mtaalamu. Akasema ndiyo, karibu hivyo. Nimefurahi siku nzima.

30 Septemba

Chumbani hajajipiga. Nyumbani alijipiga, robo saa.

1 Oktoba

Chumbani hajajipiga.

2 Oktoba

Siku ya mwisho. Ardith akatuita, akafungua karatasi ya mistari. Mistari minne, ya rangi nne, yote imelala chini kama nyoka waliokufa.

"Hapa hajipigi kwa lolote," akasema. Macho yalikuwa mekundu, nadhani halali. "Chumba hakidanganyi, lakini kinasema habari za chumba tu. Kama kitu kinachomsumbua kiko nyumbani na hapa hakipo, nitakaa hapa mwaka mzima nisikione." Akanigeukia. "Bwana Onésime, wewe ndiye unayeshinda naye pale alasiri. Kuna chochote kwenu ambacho hapa hakipo? Harufu, mwanga, mlio wa aina yoyote?"

Aliniuliza mimi. Mbele ya dada yangu, mbele ya wasichana wa kituo wenye vitambulisho shingoni.

"Bibie," nikasema, "nyumba ile ni kimya kama kanisa Jumatatu. Na masikio haya yanasikia panya akitafuna ng'ambo ya mto, na yanajua kama ni dume au jike. Kungekuwa na mlio ningekuwa wa kwanza."

Wasichana wakacheka. Ardith naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aje, akakata kitu kwenye orodha yake.

Tukabaki na karatasi zangu. Kikao kimebakiza wiki mbili, hakuna muda wa kumleta mtu mwingine kutazama. Uamuzi: tufuate zinavyosema. Noëlla anajipiga ili mama yake amkimbilie. Basi mama asimkimbilie tena. Akiingia na kumkuta anajipiga, au amevimba, au akijipiga mbele yake, asimtazame, asimguse, mpaka zipite dakika tano za utulivu. Ndipo ampe mapenzi yote.

"Itapanda kabla ya kushuka," Ardith alimwambia. "Huwa hivyo. Usikate tamaa katikati."

3 Oktoba

Saa kumi na moja na dakika mbili alijipiga. Saa kumi na mbili Aurore kaingia. Hakumtazama.

4 Oktoba

Vilevile.

6 Oktoba

Niandike nilichokiona kwa macho, kama nilivyofundishwa.

Saa yangu ilikuwa kumi na mbili kamili. Aurore alifungua mlango. Noëlla alikuwa amekaa sakafuni, kachoka, upande wa uso umekuwa wa rangi ya bilinganya. Aliinuka. Alimwendea mama yake, akainamisha kichwa, akamsogezea pale palipovimba, kama anavyofanya kila siku. Aurore akapita. Akaenda kwenye sinki akafungua maji, akaanza kuosha sahani. Sahani zilikuwa safi, niliziosha mimi mchana. Noëlla akasimama nyuma yake, kichwa bado kimeinama. Akangoja. Halafu akajipiga. Akangoja. Akajipiga tena, kwa nguvu. Aurore akawa anaosha sahani ile ile moja, mgongo umetugeukia, na maji yanamwingia mikononi mwa koti, hakulivua.

Nikahesabu ngumi thelathini na nne. Nilipomshika Noëlla alining'ata.

Dakika tano za utulivu hazikupatikana. Alilala bila kuguswa na mama yake.

Dada yangu nimemtania miaka hamsini kwamba ana moyo laini kama siagi. Sikujua nilichokuwa nasema.

8 Oktoba

Mara mbili sasa. Saa kumi na moja, halafu tena Aurore akiingia. Nimempigia simu Ardith. Akasema, "Zamani ilikuwa saa kumi na moja tu, sasa inaendelea mpaka saa kumi na mbili? Ndiko kupanda nilikosema. Mama avumilie." Nikasema nitamwambia.

9 Oktoba

Baridi ya kwanza. Kwa Laurier wanachimba mpaka giza.

11 Oktoba

Mara mbili. Jicho limefumba.

12 Oktoba, Jumapili

Kwa mama. Hakujipiga, lakini hakumsogelea Aurore hata mara moja. Alikaa na mimi. Nilimsimulia hadithi ya gia ya kurudi nyuma. Kwa kawaida hucheka nikifika mtoni.

14 Oktoba

Aurore kashindwa. Kaingia, kamkuta anajipiga, kadondosha mfuko, kamkumbatia. Noëlla akampiga yeye kwanza, halafu akajipiga. Mdomo wa Aurore umepasuka.

"Usiandike hili, Onésime," akasema. Hajaniita jina tupu tangu tuzike baba yetu.

Niliandika. Nilidhani utafiti unataka ukweli.

16 Oktoba

Kikao. Watu saba na chupa za maji. Ardith alituombea mwezi mmoja zaidi, akasema hana uhakika na chanzo, njia zake tatu zimempa majibu matatu. Bwana mmoja mwenye tai akamwuliza: "Na jicho lina mwezi mmoja?" Ardith akafunga karatasi zake. Nilisimama kuwaeleza nilivyomtibu kwa nyimbo na samaki miezi ya Mei miwili mfululizo. Wakanisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyeandika.

Anaondoka Jumanne.

21 Oktoba

Gari lilikuja. Noëlla alidhani ni basi la kituo, akapanda mwenyewe na mfuko wa vifuniko vyake. Alikaa dirishani. Aurore alimimina uji kwenye bakuli la mbwa, na hatuna mbwa tangu mwaka jana.

22 Oktoba

Hakuna.

25 Oktoba

Laurier kamaliza kuchimba. Misa ya shukrani ilikuwa saa nne ya huku. Niliwahi saa moja nzima, nikakaa peke yangu na maboga waliyopambia kanisa.

31 Oktoba

Nyumba ya kusini wamepiga simu. Noëlla hajajipiga hata mara moja. Siku kumi. Anakula, anapanga vifuniko, amecheka. Daktari wao kasema jicho huenda likabaki.

Nilidhani Aurore atafurahi. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Mwenye kupiga alikuwa mwanamke mpole, nilimsikia maana Aurore huweka sauti juu kwa ajili yangu. Alisema hili linathibitisha karatasi zilivyosema. Alisema si kosa la mama, hutokea, mtoto hujifunza hivyo kwa mtu anayempenda kuliko wote. Alisema kwa sasa ni vema asimtembelee. Labda baada ya Krismasi, tena kwa muda mfupi.

Aurore kaweka simu chini. "Kumbe kweli ni mimi," akasema. Si kwangu. Akaenda kwenye sinki.

2 Novemba, Jumapili

Leo saa za nchi nzima zimerudishwa nyuma, kama kila mwaka. Aurore amerudisha ya ukutani. Yangu imebaki ilipo. Sasa imetangulia kwa saa mbili. Huwa nawaambia watu kwamba mwanamume harudi nyuma. Leo hakuna aliyeniuliza. Kwa mama hatukwenda.

Alasiri Laurier kaja na kuku, kaja kutupa pole. Aurore alikuwa kalala. Tukasimama ukumbini, kofia mkononi.

"Nimebadilisha mkanda wa feni za ghala," akasema, kwa kutafuta la kusema. "Mke wangu kanisumbua tangu mwaka juzi. Anasema feni zikiwaka tu mkanda unalia, mlio mwembamba, kama sindano sikioni, robo saa nzima mpaka upate moto. Mimi siusikii. Mashine zimeshakula masikio yangu. Ninyi ukuta wenu uko pale pale, haukuwasumbua?"

"Sikuwahi kusikia kitu."

"Na masikio yako yale ya panya?" Alisema kwa utani tu, kuniinua moyo.

Nikamwuliza, polepole: "Zinawaka saa ngapi?"

"Saa kumi. Si nilishakuambia."

"Saa kumi ya huku au ya ng'ambo?"

"Ya huku, mzee," akasema. "Viazi vyangu havina pasipoti."

Hata wakati wa Fernand feni niliziwasha mimi kwa mkono, nyakati zozote, kwa mkanda mpya. Hizi za kujiwasha Laurier aliziweka msimu ule Fernand aliofariki. Mei ghala likiisha, anazizima. Siku ya mvua alikuwa kazima umeme. Jumapili sisi hatupo. Chumbani mjini hakuna ghala.

Laurier aliondoka. Nikatoa nakala za karatasi zangu, zile Ardith alizoniachia. Saa kumi na moja na dakika mbili. Saa kumi na moja na dakika moja. Saa kumi na moja na dakika mbili. Mwandiko wangu mzuri kabisa, kwa saa ya ng'ambo; huku ilikuwa saa kumi. Na chini ya KABLA, kila mstari: anamngoja mama yake. Ilhali mama yake alikuwa bado hajatoka kazini, na angekuwa hajatoka kwa saa nzima nyingine, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikimtazama mtoto anavyoziba sikio kwa ngumi.

3 Novemba

Aurore yuko jikoni. Amemaliza sahani, ameanza upya.

Mkanda umeshabadilishwa, kwa hiyo Noëlla angerudi leo asingejipiga kwa ajili ya feni. Lakini angejipiga kwa ajili ya mgongo wa mama yake kwenye sinki, maana hilo tulimfundisha sisi, siku kumi na moja, kwa mpango. Na nafasi yake kituoni wameshampa mtu mwingine. Nimepiga namba ya Ardith Pell mara mbili, nikakata kabla haijaita. Nikiingia jikoni nikamwambia dada yangu si yeye, ataniuliza ni nani, na nimeshasogea mlangoni mara tatu nikarudi.

Niandike basi hata hili dogo, kwa kuwa mkono umeshashika kalamu. Kiwanda cha ng'ambo nilifanya kazi siku tatu. Hawataniita. Saa hii niliinunua huko siku ya tatu, kwa kuwa ilikuwa inang'aa, na msichana wa dukani ndiye aliyeiweka saa ya kwao kabla hajanifungia mkononi. Ina vitufe vinne. Nimevibonyeza vyote, kimoja kimoja na viwili viwili, na kilichowahi kutokea ni taa kuwaka. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya maandishi madogo.

Sijui kuirudisha nyuma. Miaka tisa, sijui.